Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mkusanyo wa Habari za Sayansi, Teknolojia na Utamaduni

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na taasisi ya Inria ya Ufaransa walichapisha utafiti uliofuatilia viungo vya vyombo vitano vikubwa vya habari vilivyokuwa vikisambazwa Twitter. Asilimia 59 ya viungo hivyo havikubofywa na mtu hata mmoja. Watu walisoma kichwa cha habari, wakakipitisha kwa wengine, basi.

Ukiamua kuwaandalia wenzako mkusanyo wa habari za wiki, unachukua kazi ambayo wengi hawaifanyi: kuisoma habari hadi mwisho, kuifuata mpaka ilikotoka, kisha kueleza kwa maneno machache kilichogunduliwa na kisichogunduliwa. Viungo vitano vilivyopitia mikono ya namna hiyo vinamfaa msomaji kuliko hamsini vilivyookotwa njiani. Hatua zinazofuata zinakuonyesha jinsi ya kuvipata, kuvipima na kuviandika.

Hatua ya 1: Chagua unakosikiliza

Usiache mitandao ya kijamii ikuchagulie habari. Huko kinachopandishwa juu ni kile kinachotia watu hasira au mshangao, na habari nzuri ya sayansi mara nyingi haifanyi lolote kati ya hayo. Tumia RSS, mfumo uliokuwepo tangu mwaka 1999, unaokuwezesha kupata makala mpya za tovuti ulizochagua mwenyewe zikiwa zimepangwa kwa muda zilipotoka. Wengi waliuacha Google ilipoifunga huduma yake ya Reader Julai 2013, lakini mfumo wenyewe haukufa, na programu za kuusomea zipo nyingi, za bure na za kulipia.

Anza na wanaofanya kazi yenyewe: NASA ya Marekani na ESA ya Ulaya kwa anga za juu, maabara ya CERN ya Ulaya kwa fizikia ya chembe, makumbusho makubwa, maktaba za taifa, UNESCO kwa urithi wa dunia. Ongeza majarida ya kisayansi. Ongeza pia arXiv, hazina ambayo Paul Ginsparg aliianzisha mwaka 1991 na ambako wanafizikia, wanahisabati na wataalamu wa kompyuta huweka makala zao kabla hazijapitiwa na wenzao. Mwisho weka waandishi wachache wanaoijua fani moja kwa kina na wanaodiriki kusema "hili bado". Hao wa mwisho ndio watakaokuokoa mara nyingi zaidi.

Ijue pia kalenda ya mambo haya. Jarida la Nature hutoa makala zake za wiki siku ya Jumatano, na Science siku ya Alhamisi. Waandishi wa habari hupewa makala hizo siku kadhaa kabla, kwa sharti la kutochapisha mpaka saa iliyopangwa ifike. Ndiyo sababu utaona habari moja ikitokea katika vyombo ishirini kwa dakika ileile. Usidhani imethibitishwa mara ishirini: ni makala moja, na mara nyingi wote wamenakili taarifa moja ya chuo kikuu. Kwa hiyo andaa mkusanyo wako Ijumaa au Jumamosi. Kufikia hapo majarida yote mawili yameshatoka, na wataalamu ambao hawakuhusika na utafiti wameshaanza kutoa maoni.

Hatua ya 2: Panda hadi kwenye chanzo

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo ninapokuomba usikate kona.

Habari ya sayansi hupitia ngazi. Watafiti huandika makala kwenye jarida. Ofisi ya mawasiliano ya chuo chao huandika taarifa kwa vyombo vya habari. Chombo kimoja huandika habari, kisha vingine huandika kutokana na hicho cha kwanza. Kila ngazi huondoa tahadhari kidogo na kuongeza chumvi kidogo. Wengi hudhani chumvi hiyo hutiwa na waandishi wa habari peke yao. Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi wa taarifa 462 za vyuo vikuu 20 vya Uingereza zilizohusu afya: asilimia 40 zilikuwa na ushauri uliokuzwa kuliko makala yenyewe ilivyosema, na asilimia 36 zilikuza matokeo ya wanyama na kuyahusisha na binadamu. Yaani chumvi nyingi huwa imeshaingia kabla mwandishi wa habari hajagusa kalamu.

Kupanda kunafanyika hivi. Katika habari uliyoipata, tafuta jina la jarida na kitambulisho cha DOI, yaani ile namba inayoanza na 10, ikifuatiwa na tarakimu, mkwaju (/) na herufi. Iandike baada ya doi.org/ kwenye kivinjari, nayo itakupeleka kwenye makala hata kama jarida limebadilisha tovuti. Kama habari haitaji jarida, mtafiti wala kitambulisho, jaribu kuitafuta makala kwa maneno yake makuu. Ukikosa, iache habari hiyo.

Ukishaipata makala, huhitaji kuielewa hesabu yake yote. Soma muhtasari, kisha ruka hadi sehemu ya mbinu, kisha sehemu ambayo watafiti wenyewe wanaeleza mapungufu ya kazi yao. Unataka kujua nani au nini kilichunguzwa (watu, panya, seli kwenye chombo cha maabara, au mfano wa kompyuta), walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, na nani alilipia.

Chukua mfano huu uone maswali hayo yanavyofanya kazi. Mwaka 2015 habari ilienea katika nchi nyingi kwamba chokoleti huharakisha kupungua uzito. Gazeti la Bild la Ujerumani liliiweka hadi ukurasa wa mbele. Mei mwaka huohuo mwandishi John Bohannon alieleza kwamba yeye na wenzake waliupanga utafiti huo makusudi ili kuonyesha jinsi sayansi mbovu inavyopenya. Utafiti ulifanyika kweli na takwimu zake zilikuwa za kweli. Lakini watu walikuwa 15 tu, wakagawanywa makundi matatu, wakapimwa mambo 18: uzito, kolesteroli, usingizi na mengineyo. Ukipima mambo 18 kwa kigezo cha kawaida kinachoruhusu bahati nasibu mara 5 katika 100, uwezekano wa angalau kimoja kuonekana cha maana kwa bahati tu ni takriban asilimia 60. Safari hii kura iliangukia uzito. Taasisi iliyotajwa kwenye taarifa ilikuwa tovuti tu. Mtu yeyote ambaye angefungua makala na kuuliza "walikuwa wangapi?" angesimama hapohapo.

Tofautisha pia makala iliyopitiwa na wanasayansi wenzao na makala ya awali iliyowekwa arXiv au bioRxiv, hazina ya namna hiyohiyo ya biolojia. Ya awali si mbaya, ila msomaji wako lazima aambiwe. Sentensi moja inatosha: "Makala haijapitiwa bado na wataalamu wengine."

Hatua ya 3: Pima uzito wa dai

Dai likiwa kubwa kiasi cha kupindua vitabu vya shule, lipe muda. Septemba 2011 watafiti wa mradi wa OPERA walitangaza kwamba chembe za nutrino zilizorushwa kutoka CERN hadi maabara ya Gran Sasso, Italia, umbali wa takriban kilomita 730, zilifika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga. Watafiti wenyewe waliomba wenzao wasaidie kutafuta kosa. Mwaka uliofuata likapatikana: waya wa nyuzi za mwanga ulikuwa haujakazwa sawasawa. Aliyeandika Septemba kwamba "watafiti wameona jambo wasiloweza kulieleza na wanaomba likaguliwe" hakuwa na cha kurekebisha. Aliyeandika kwamba Einstein amekosea, yaani kwamba kuna kinachoupita mwanga kwa kasi, alikuwa nacho kingi.

Julai 2023 ikaja LK-99, kitu ambacho timu ya Korea Kusini ilisema hupitisha umeme bila upinzani wowote hata katika joto la kawaida la chumbani. Kwa wiki chache maabara nyingi zilijaribu kukitengeneza upya. Kufikia katikati ya Agosti sehemu kubwa ya dalili zilizoshangaza watu ilikuwa imeelezwa kwa uchafu wa salfaidi ya shaba uliomo ndani yake. Mimi ningeiweka habari ya namna hii kwenye mkusanyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuwaona wanasayansi wakikaguana hadharani ni habari tamu kuliko dai lenyewe. Lakini ningeandika kuhusu ukaguzi, na wiki iliyofuata ningerudi kusema umefikia wapi.

Asilimia nazo zinahitaji jicho kali. Oktoba 2015 IARC, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani, kilieleza kwamba gramu 50 za nyama ya kusindika kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Msomaji anaweza kudhani watu 18 kati ya 100 wataugua. Sivyo. Kama katika watu 100 watano wangeugua hata hivyo, ongezeko la asilimia 18 linawafanya wakaribie sita. Kila unapokutana na "huongeza kwa" au "hupunguza kwa", uliza: kutoka ngapi hadi ngapi? Uandike namba zote mbili. Vilevile nyama hiyo iliwekwa kundi moja na tumbaku, na vichwa vingi vikasema hatari zake ni sawa. Makundi ya IARC hupima uthabiti wa ushahidi tu. Ukubwa wa hatari ni jambo jingine kabisa.

Hatua ya 4: Habari za teknolojia zina maswali yake

Hapa chanzo mara nyingi ni kampuni inayouza. Kwa hiyo uliza: kitu chenyewe kipo, au kimeahidiwa? Kuna mtu wa nje aliyekijaribu? Kilipimwa kwa kipimo gani, na nani alikichagua kipimo hicho? Video ya maonyesho iliyohaririwa haimjibu mtu swali hata moja kati ya hayo.

Angalia pia mpaka wa kipimo umewekwa wapi. Tarehe 5 Desemba 2022 maabara ya taifa ya Lawrence Livermore, Marekani, ilipiga kidonge kidogo cha hidrojeni kwa leza zenye nishati ya megajuli 2.05, na muungano wa viini vya atomu ukatoa megajuli 3.15. Yalikuwa mafanikio ya kihistoria, yaliyotafutwa kwa miongo mingi, na yanastahili kuandikwa kwa furaha. Lakini leza hizo zilivuta takriban megajuli 300 za umeme ili zirushe hizo 2.05. Hesabu ya kwanza inahusu kidonge. Ya pili inahusu mtambo mzima. Mweleze msomaji zote mbili, naye ataelewa kwa nini wanafizikia walishangilia na kwa nini umeme wa namna hiyo haujafika nyumbani kwake.

Hatua ya 5: Usiuache utamaduni uwe pambo

Mikusanyo mingi huweka habari moja ya sanaa mwishoni, fupi, kama mapumziko. Nadhani ni hasara, kwa sababu habari zenye kukaa akilini zaidi ni zile ambazo sayansi, teknolojia na utamaduni hukutana.

Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, hati za kukunjwa za maktaba moja ya mji wa Herculaneum ziligeuka makaa. Kuzifungua ni kuzivunja. Oktoba 2023 mwanafunzi wa Marekani, Luke Farritor, alitumia akili unde kwenye picha za eksirei za hati ambayo haijafunguliwa na kupata neno zima la kwanza, neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya zambarau. Februari 2024 yeye, Youssef Nader na Julian Schilliger walishinda dola 700,000 katika shindano la Vesuvius Challenge kwa kufichua herufi zaidi ya 2,000. Sasa tazama unavyoweza kuiharibu habari hii: "Akili unde yasoma maktaba ya kale." Kilichosomwa ni takriban asilimia 5 ya hati moja. Mashine ilionyesha wino ulipo. Waliosoma maandishi na kuamua kama yana maana ni wataalamu wa mafunjo ya kale. Kwa maoni yangu ukweli huu ni mzuri kuliko kile kichwa cha habari, na haukuhitaji nafasi kubwa zaidi.

Katika habari za mambo ya kale, neno la kulilinda kwa nguvu zote ni "angalau". Julai 2024 ilitangazwa kwamba mchoro wa pango la Leang Karampuang, kisiwani Sulawesi, Indonesia, una angalau miaka 51,200. Watafiti hawakupima rangi ya mchoro. Walipima tabaka la kalisiti, madini ya chokaa, lililojijenga juu yake, na mchoro hauwezi kuwa na umri mdogo kuliko kilichoufunika. Ukiliondoa "angalau", umewasemea watafiti wasichosema. Na ukiandika "wa kale zaidi", ongeza "unaojulikana hadi sasa" pamoja na mwaka, maana sifa hiyo hupokonywa mara kwa mara.

Hatua ya 6: Andika muhtasari wenyewe

Maneno 60 hadi 100 kwa habari moja yanatosha. Sema nini kimetokea, nani kakifanya, kimejulikanaje, na mpaka wake ni upi. Mfano wa muhtasari mbaya:

"NASA yafanya muujiza! Chombo cha kale kilichodhaniwa kimekufa chazungumza tena kutoka nje ya ulimwengu wetu."

Hakuna jina la chombo, hakuna tarehe, hakuna sababu, na "nje ya ulimwengu" si kweli. Linganisha na huu:

"Novemba 2023 chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kilianza kutuma data zisizosomeka. Wahandisi wa NASA waligundua kwamba chipu moja ya kumbukumbu imeharibika. Kuitengeneza haikuwezekana, kwa hiyo waliigawa programu iliyokuwa humo vipande vipande na kuvihamishia sehemu nyingine za kumbukumbu. Chombo kilikuwa zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka Duniani. Amri ilichukua karibu saa 22 na nusu kufika, na jibu muda uleule kurudi. Tarehe 20 Aprili 2024 taarifa za hali ya chombo zikasomeka tena."

Mshangao umebaki wote, na umetokana na mambo yenyewe. Hapo kwenye saa 22 na nusu za kwenda na nyingine za kurudi, msomaji atasimama mwenyewe bila kuambiwa muujiza.

Kichwa kiandike mwisho, ukiwa umeshajua habari inasema nini. Kiwe dai ambalo makala inaweza kulibeba. Neno "huenda" libakize kama watafiti wamelitumia, na "panya" waweke kwenye kichwa kama waliochunguzwa ni panya.

Hatua ya 7: Picha

Ieleze picha ni ya nini. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotolewa tarehe 10 Aprili 2019, ilitokana na darubini nane za redio zilizounganishwa kutazama kitovu cha galaksi ya M87. Ile rangi ya machungwa inayong'aa si rangi ambayo jicho lingeona. Ni rangi iliyochaguliwa kuonyesha nguvu ya mawimbi ya redio. Picha za darubini ya James Webb nazo hutokana na mwanga wa infraredi na hupakwa rangi ili tuzione. Sentensi moja chini ya picha inatosha. Kama ni mchoro wa msanii au imetengenezwa na akili unde, iandikwe hivyo wazi.

Hatua ya 8: Viungo vidumu

Mwaka 2024 kituo cha Pew Research kilionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Basi weka kiungo cha DOI badala ya anwani ya kawaida ya jarida. Hifadhi nakala ya kila ukurasa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive: bandika anwani katika sehemu ya kuhifadhi, subiri, kisha nakili anwani mpya kwenye daftari lako. Futa mikia ya ufuatiliaji, yale maandishi yanayofuata alama ya kuuliza na kuanza na utm_ au fbclid. Jaribu kiungo tena baada ya kufuta. Viungo vilivyofupishwa viepuke, kwani kampuni ikifunga huduma vinakufa vyote kwa pamoja, na msomaji hawezi kuona anapelekwa wapi.

Makala ikiwa ya kulipia, tafuta nakala ya bure kwenye arXiv au ukurasa wa mtafiti mwenyewe, na umjulishe msomaji ni toleo lipi unalompa.

Hatua ya 9: Baada ya kuchapisha

Kwa kila habari uliyoiweka, tunza faili yenye tarehe, kitambulisho cha DOI na dai kuu kwa sentensi moja. Kila baada ya miezi michache ipitie. Fungua kila makala uone kama ina tangazo la masahihisho au la kufutwa. Tafuta pia kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo shirika la Crossref liliinunua mwaka 2023 na kuiweka wazi kwa wote. Usifikiri muda ukipita hatari imepita. Desemba 2010 jarida la Science lilitoa makala iliyodai kwamba bakteria wa ziwa Mono, California, wanaweza kutumia arseniki mahali pa fosforasi. Maabara nyingine zilishindwa kuyapata matokeo hayo kufikia mwaka 2012, lakini jarida liliifuta makala hiyo Julai 2025, huku waandishi wake wakipinga hatua hiyo.

Habari yako ikipatwa na jambo kama hilo, usiifute kimyakimya. Acha maandishi ya zamani yalivyo, na juu yake weka tarehe, kilichosemwa mwanzo, kilichobadilika, na kiungo cha tangazo. Kisha itaje katika mkusanyo wa wiki hiyo, mwanzoni, kabla ya habari mpya, ili walioisoma mara ya kwanza waione.